Samaki Aliyejilaza Kama Jani

Nimefanya kazi nyingi, na nyingi nimeziacha njiani. Nimebeba saruji, nimelinda maghala, nimepika kwenye meli ya mizigo. Kila nilipoharibu kitu sikungoja kuulizwa, nilijiondokea kimyakimya. Ndiyo maana mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, aliponipatia kibarua kwenye jumba la maonyesho ya samaki, alinikazia macho mlangoni.

"Mjomba, mimi ndiye niliyekusemea kwa wakubwa. Mara hii ukitoroka, usinitafute tena."

"Nitoroke niende wapi na magoti haya?"

"Magoti hayajawahi kukuzuia."

Kazi yenyewe haikutaka elimu. Asubuhi, kabla ya wageni, nilipita na wavu mdogo kwenye matangi nikiopoa uchafu ulioingia na maji ya bahari: nyasi, majani makavu, manyoya ya ndege. Uchafu ulikwenda kwenye ndoo yenye maji kidogo, na ndoo nikaimwaga kwenye pipa la uani.

Tangi kubwa lilikuwa na samaki popo wanne, bapa, mviringo kama masinia. Hao tulizoeana upesi. Ukitembea kando ya kioo wanakufuata. Ukirudi, nao wanarudi. Fundi wa pampu alidai wananipenda kwa kuwa nanuka kama chakula chao.

Siku ya kumi na tisa nilimaliza mapema, nikakaa na chai yangu. Mpwa wangu akaja, uso umemkunjamana.

"Mjomba, jana jioni nilimhamishia mtoto wa samaki popo tangi la tatu. Simwoni."

"Sikuona sinia lolote humo."

"Akiwa mdogo hafanani nao kabisa. Ni wa kahawia, mapezi marefu. Anajilaza ubavu juu ya maji, anaelea kama jani bovu, wanaotaka kumla wampite. Walikuja watatu. Wawili wamekufa. Huyu nimemlea wiki sita."

Nikaweka kikombe chini. Asubuhi ile, tangi la tatu, niliopoa jani moja pana. Hata nilisema moyoni, jani zuri hili.

"Labda ameruka nje," alisema, akapiga magoti na tochi, akaanza kumulika chini ya matangi.

Uongo nilikuwa nimeshapewa bure, sikuhitaji hata kuutunga. Hakuna aliyeniona. Geti lilikuwa wazi, hatua kumi tu, na miguu yangu inazijua hatua za namna hiyo. Lakini alikuwa amelaza shavu sakafuni, kwenye maji machafu, anamwita yule samaki kwa sauti ndogo kama anayemwita paka. Dada yangu alikuwa hivyohivyo.

"Mwanangu, inuka," nikasema. "Hayuko huko. Nimemtupa mimi."

Alikimbilia uani.

Pipa lilikuwa limejaa nusu, majani ya siku tatu yameelea juu, yote ya kahawia. Fundi wa pampu, aliyetukuta hapo uani, akakunja mkono wa shati.

"Usiguse!" mpwa wangu akamzuia. "Utamponda."

Tukasimama watatu tunatazama majani. Mimi nikachukua ufito, nikayazungusha maji taratibu pembeni. Jani halina ubishi, huenda maji yanakokwenda. Yakaanza kuzunguka yote, mzunguko wa kwanza, wa pili. Kisha moja likabaki nyuma. Likasogea, likajivuta tena nyuma.

"Yule pale!"

Mpwa wangu akamchota kwa kopo. Pezi la juu lilikuwa limechanika hadi karibu na mgongo, lakini jicho lilikuwa zima, linatutazama.

Fundi akachungulia. "Mzee, kusema kweli, hata mimi ningemtupa."

Mpwa wangu hakucheka. Alimrudisha kwenye tangi, akasubiri mpaka alipojilaza ubavu, ndipo akanigeukia.

"Atalishwa kidogokidogo, mara nne kwa siku, mpaka pezi liote. Miezi miwili, labda mitatu. Utamlisha wewe. Akifa ukiwa hapa, nitajua ulijaribu. Akifa umeshaondoka, sitauliza hata umeelekea wapi."

Miezi mitatu. Nilimtazama yule samaki akielea, amejifanya hayupo. Mbinu hiyo naijua vizuri.

Nikamuuliza mpwa wangu chakula cha kwanza ni saa ngapi.