Tufe Lililoangukia Kaburi la Sheikh Sugow

Siku ya tatu Kadar alikuwa bado hai, na watu walishangaa. Alikuwa amemdunga kisu Najib, mtoto wa Mzee Yarow, kwenye kisima karibu na Sangailu, kisa nani atangulize ngamia wake kunywa. Kisu kimoja tu, chini ya mbavu. Najib aliangukia ndani ya birika, maji yakawa mekundu, ngamia wakayanusa wakageuza shingo. Kadar akatimua mbio na risasi zikimfuata, akajitupa ndani ya ua wa miiba unaozunguka kaburi la Sheikh Sugow.

Na mle, bwana, hakuna anayeguswa. Watu wakihama kufuata malisho huacha mle vinu vyao, vibuyu vya maziwa, fito za nyumba, wakaondoka hata mwaka mzima. Majambazi wanaoteka malori njiani wanapita hapo na hawachukui hata kijiko. Kilichoingia mle ni amana ya Sheikh, kiwe kinu, kiwe muuaji. Lakini mguu ukitoka nje ya miiba, amana imekwisha.

Basi Yarow na wanawe wanne wakakaa nje na bunduki zao, wakingoja kiu imtoe. Salat, kaka mkubwa wa Kadar, alijaribu kumpelekea maji siku ya kwanza. Wakampiga risasi punda wake, wakamgonga Salat kwa kitako cha bunduki mpaka meno mawili yakamtoka. Siku ya pili akarudi akitambaa, na dumu la lita tano kifuani. Wakamvunja vidole vya mkono wa kushoto, kimoja kimoja, lakini dumu alikuwa ameshalirusha ndani. Kadar ndiye nduguye pekee. Alimlea tangu mama yao afe, na aliapa kwamba hatamzika, ila yeye mwenyewe atatangulia kuzikwa.

Huyu Salat alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na watu walimwita Mwalimu Mwezi, kwa kumcheka. Kila sukari iliyofungwa kwa gazeti kule Garissa, yeye alimwaga sukari akasoma gazeti. Alijua kwamba mbwa alitangulia angani kabla ya mtu. Alijua Wataliano waliwahi kurusha maroketi kutoka baharini, hapo tu karibu na Malindi. Alijua Mwislamu mmoja alipaa angani mwaka wa themanini na tano, na akawachosha mashekhe msikitini kwa swali la mtu huyo alielekea wapi kuswali. Kumnyamazisha ilikuwa kazi! Mtu akisema nyota imeanguka, Salat lazima amrekebishe.

Siku hiyo ya tatu, baada ya adhuhuri, mbingu ilipasuka. Mlio mmoja mkubwa, halafu mluzi, halafu kishindo kilichowaangusha watu kifudifudi. Vumbi lilipotulia, ndani ya ua palikuwa na tufe la chuma, jeusi kwa kuungua, ukubwa wa sufuria ya harusi. Lilikuwa limesaga vinu viwili vikawa vijiti. Kadar alikuwa amelala hatua mbili tu kando yake, anatetemeka, hana hata mkwaruzo.

Yarow alisimama akiwa mweupe kwa vumbi. Bunduki ilimtoka mkononi.

"Subhanallah," alisema. "Angetaka kumuua, angemuua. Kamkosa kwa makusudi. Sheikh amemsamehe, mimi ni nani?" Mzee yule akakaa chini akalia kwa sauti, na hapo ndipo alipomlilia mwanawe kwa mara ya kwanza.

Salat alilitambua tufe lile mara tu alipoliona. Lilikuwa tangi la mafuta la chombo cha angani, na picha yake alikuwa nayo nyumbani, imekatwa gazetini. Akafunga mdomo. Mwalimu Mwezi, aliyekuwa hawezi kufunga mdomo, siku hiyo aliufunga, na moyo wake ukajaa furaha mpaka ukamuuma. Wacheni waamini! Hata wakisema ni yai la malaika, yeye ataitikia amina, ndugu yake apone.

Lakini suluhu ina taratibu zake. Bibi Amino, mjane aliyelinda kaburi hilo na aliyeogopwa kwa ulimi wake, aliita watu wa nyumba zote mbili. Desturi ni kwamba jiwe la kichwani pa kaburi linaoshwa, maji yanasomewa, na pande zote wanakunywa bakuli moja. Wa kwanza ni mtoto mdogo kuliko wote wa upande uliomwaga damu. Akishakunywa, kisasi kimekufa.

"Leo hatuoshi jiwe," alisema Amino. "Tutaosha hilo lililoletwa."

Gazeti lile lile lenye picha lilisema mafuta hayo ni sumu, yanaua hata yakigusa ngozi. Na mtoto mdogo wa upande wao alikuwa Ugbad, binti yake wa miaka minne.

"Eeddo," alimwambia Amino kwa heshima, kama mtu anavyomwambia shangazi yake, "tuoshe jiwe lile la siku zote. Baba zetu walikunywa la jiwe."

"Sheikh kaleta jipya, wewe wamrudishia kuukuu? Una wazimu?"

"Basi tungoje mpaka kesho, lipoe."

"Limeshapoa. Mbona wewe, ndugu yake, ndiye unayetuchelewesha?" Wana wa Yarow waligeuka wakamwangalia.

Amino akamimina maji juu ya tufe, yakapita kwenye mdomo wa tufe uliovunjika, yakaingia bakulini. Salat alisogea akanusa. Harufu ilikuwa kali, ya mkojo uliolala. Lakini mbuzi wa Amino walilala pale pale kila siku, na harufu hiyo ilikuwa ya mahali pote. Atajuaje? Ya Rabbi, atajuaje?

Kadar akatoka nje ya miiba. Akapiga magoti mbele ya Yarow, na Yarow akamshika mkono, wote wawili wanalia. Mtu akambeba Ugbad akamleta mbele. Alikuwa na kiu, maskini, alishika bakuli kwa mikono miwili akafungua mdomo.

Salat alilipiga teke. Bakuli liliruka, maji yakamwagika mchangani, Ugbad akaanguka akipiga mayowe.

Hakuna aliyesogea. Mtu anayemwaga maji ya suluhu ameikataa suluhu, na kila mtu pale alilijua hilo tangu utotoni.

"Ni sumu!" Salat alipiga kelele, damu ikimtoka kwenye fizi. "Ni tangi la roketi! Mtakufa nyote!"

Yarow aliuachia mkono wa Kadar polepole. "Kwa hiyo halikutoka kwa Sheikh?"

Angeweza kusema uongo hapo. Neno moja tu lingetosha. Lakini alikuwa na hofu, na mdomo wake ulikuwa umezoea kurekebisha watu.

"Ni chuma tu, adeer, ami yangu! Chuma cha wazungu!"

Mtoto mkubwa wa Yarow alifyatua ya kwanza. Ilimpata Kadar shingoni naye bado amepiga magoti. Akageuka, akatambaa kuelekea miiba, mkono ukaingia ndani ya ua lakini mwili ukabaki nje. Wakammiminia tano, sita, mpaka mgongo ukawa hautazamiki. Salat alimlalia juu, wakamvuta kwa miguu wakamtupa pembeni. Kisha wakapanda kuelekea kisimani bila kusema neno.

Salat alibaki pale na maiti. Maji yaliyomwagika yalikuwa yametuama kwenye kishimo, na mbuzi mmoja wa Amino akaja akayanywa yote, akaramba na mchanga. Salat akamkazia macho. Alimngoja aanguke. Wanaume walikuja kumchukua Kadar kwenda kumwosha, wakamwita, hakuinuka. Alasiri ikapita. Mbuzi alikula majani ya mkwaju, akajikuna kwenye nguzo, akamnyonyesha mwanawe.

"Kufa," Salat alimwambia. "Kufa, nakuomba."

Jua lilipokaribia kuchwa mbuzi alilala akaanza kucheua, macho nusu yamefumba, ameshiba. Salat akachomoa kisu, akamshika pembe kwa mkono mzima, akamkata koo bila bismillahi, akakata tena na tena hadi kichwa kikabaki kwenye ngozi. Kisha akasimama, damu mpaka viwikoni.

"Amekufa!" aliwaita watu. "Njooni muone! Alikunywa yale maji, amekufa!"

Bibi Amino alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo.

"Umemuua wewe, Salat," alisema. "Nimekuona."