Pedi ya Kaka

Fundi friji alikuwa na kaka mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha. Kaka alikuwa mrefu kuliko yeye, mcheshi kuliko yeye, na zamani, sebuleni kwa mama yao, alimshinda kila siku katika ile gemu ya mapigano ambayo mshindi humng'oa mshindwa kichwa, uti wa mgongo ukining'inia. Kung'olewa kichwa mara elfu na mtu yule yule si jambo dogo, hata kama kichwa chenyewe ni cha katuni.

Wiki iliyopita mama yao alisafisha stoo, akamtumia mashine ile ya gemu ndani ya katoni, pamoja na pedi zake mbili za kuchezea. Fundi aliipangusa vumbi, akaunga waya uliokatika, ikawaka. Jumapili mchana kaka akaja kuiona. Kabla hajavua viatu alikuwa ameshamchekesha mke wa fundi mara mbili. Fundi alihesabu.

"Shemeji, huyu mumeo nilikuwa namchinja kama kuku," kaka alisema, akijitupa kwenye kochi, upande ule ule wa shemeji yake.

"Leo ndiyo leo," fundi akajibu.

Wapi! Kichwa kiling'oka mara tatu, damu ikatapakaa kioo kizima, mke akapiga makofi. Ampigie nani? Kaka, nani mwingine!

Pedi moja ilikuwa nzima. Nyingine, ya kaka, kitufe chake kimoja kilikuwa kimelika hadi kubaki kijiti, na kidole gumba kiliteleza tu juu yake. Kaka alizoea kukunja kidole cha shahada na kukibonyeza kwa kifundo. Hakuna mwingine duniani aliyebonyeza hivyo. Fundi mwenyewe hakuruhusiwa hata kuigusa pedi ile.

"Hebu na mimi nijaribu," alisema mke, akaichukua kutoka mikononi mwa kaka.

Alikuwa mwalimu wa chekechea, na katika miaka minane ya ndoa fundi hakuwahi kumwona akishika gemu. Akaamua kumwonea huruma, apigane kwa upole. Mpiganaji wa mke akarudi nyuma hatua mbili, akainama; mke akakunja kidole cha shahada, akabonyeza kwa kifundo. Kichwa cha fundi kikaenda na uti wake.

"Shemeji! Umejifunzia wapi?" kaka akapiga ukelele.

Fundi aliuona mshangao ule, akauona ni wa kuigiza. Mwenye macho haambiwi tazama. Kifundo kile kilikuwa cha kaka, na mtu hafundishwi kukunja kidole kwa mbali. Anayemfundisha hukaa naye karibu, humshika mkono. Lini? Jibu lilimjia lenyewe: mwaka ule kabla ya harusi, alipokuwa mafunzoni mji mwingine, mchumba wake akabaki huku. Huku na nani? Wivu ulimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Vichwa vyote alivyowahi kupoteza havikumuuma kama kidole kile kimoja.

"Alikufundisha lini?" akauliza.

"Nani?" Mke bado alikuwa anacheka.

"Huyu. Nilipokuwa mafunzoni, alikuwa anakuja kwa mama ukiwepo, siyo?"

Kicheko kikakatika. Kaka akafungua mdomo, mke akamzuia kwa kiganja. "Muulize mama yako," alisema.

Fundi akapiga simu, akaweka spika, waumbuke wote wawili kwa pamoja.

"Mwanangu! Imewaka?"

"Imewaka, Mama. Nataka kujua kitu. Mwaka ule niliokuwa mafunzoni, kaka alikuwa anakuja hapo nyumbani?"

"Kaka yako? Mwaka ule hata salamu alikuwa ananitumia kwa watu. Aliyekuwa anakuja ni mkeo, kila Jumamosi. Nyumba imepoa, wote wawili tumekukumbuka, tukaanza kucheza hiyo gemu yenu ya kuchinjana." Mama akacheka. "Pedi nzima nilishika mimi, mkubwa ni mkubwa. Mbovu nikampa yeye, nikamwonyesha kaka yako alivyokuwa anaibonyeza. Kila akija ananiambia, 'Mama, nifundishe vizuri, akirudi nimshangaze.' Sasa wewe ukarudi na harusi juu, na mashine ikaishia stoo. Leo amekushangaza?"

Kaka alinyanyuka, akachukua funguo zake mezani, akatoka bila mzaha wowote, na mlango akaufunga taratibu.

"Mbona kimya?" mama aliuliza. "Ulitaka kujua nini kuhusu kaka yako?"

Mke aliweka pedi sakafuni, akamtazama mumewe.

"Mwambie," alisema. "Mwambie mama ulichokuwa unataka kujua."