Saizi ya Wanaotembea

…wala swali lenyewe halina makali, hata mpita njia angeliuliza, “Ameanza kutembea, mama?” basi, hilo tu, na dada wa kampuni ameliuliza kwa tabasamu, amekaa ukingoni mwa kochi, begi la sampuli katikati ya miguu, simu kiganjani, kidole gumba kimeinuliwa tayari kubonyeza ndiyo au bado, na mama mwenye nyumba amesimama mbele yake ameshika pakiti aliyokabidhiwa sasa hivi, nepi za kujaribiwa, saizi ya wanaotembea, zile za kupandishwa miguuni kama chupi, anaigeuza geuza, maana mtoto anayeulizwa alikwisha kuzikwa, alizikwa kabla hajajua hata kukaa bila kuegemezwa mto, na dada hajui, kampuni haijui, na jambo kama hilo utalianzia wapi, utalisema umesimama au umekaa, utasema kwanza karibu chai? “Wala usihangaike kumpamba,” dada anaendelea, “hatua chache tu, nione inavyokaa akiwa wima, halafu arudi zake kulala, maana najua kalala,” naam, kalala, siku zote kalala, kila dada alipopiga simu mtoto kalala, kila mwenye pikipiki alipoleta mzigo mtoto kalala, mpaka dada akamtania siku moja kwamba huyu akikua atakuwa mlinzi wa usiku, kukoroma mchana wote namna hii, na mama akacheka, alicheka kweli, kicheko kilimtoka chenyewe tumboni, na hicho ndicho kilichomtisha baadaye alipokuwa akiosha vyombo, kwamba alimcheka nani. “Safari hii ofisi haikubali maneno ya simu, lazima nimwone kwa macho yangu,” anasema dada, na nyuma ya pazia cherehani ya mumewe inakimbia, inasita kwenye kona ya kitambaa, inakimbia tena, ni msimu wa sare za shule, kaptula nyingi ndogo ndogo, anazipanga juu ya stuli kwa ukubwa, na hajawahi kulalamika kwamba ni kazi ya kaptula za watoto, kazi ni kazi, anasema, anauma uzi kwa meno na kuendelea.

Kama angejua mambo yatakuwa hivi asingejiandikisha, ila siku ile ilikuwa ya furaha, mtoto ndiyo kwanza alikuwa ametoka kliniki, mwekundu bado, na dada huyuhuyu alikuja na begi hilihili, akatandika nepi mezani, akaomba kikombe cha maji, akamimina chote, akaigeuza nepi juu chini mbele ya macho yao na tone halikuanguka, na mume akasema lo, kumbe kuna kitambaa cha namna hii duniani na mimi paa langu linavuja, nishonee paa, dada, na wote wakaangua kicheko, mtoto akashtuka, akarusha mikono… eti familia zilizochaguliwa, wao walichaguliwa, watakuwa wanaletewa nepi kabla hazijafika madukani, kazi yao ni kumvalisha mtoto na kusema ukweli, kama inavuja waseme, kama inakwaruza waseme, na akasema, kila kitu alikisema, alikuwa mama mpya na mama mpya ana maneno mengi. Kisha ikaja homa. Homa ya kawaida, hivyo ndivyo walivyodhani, akamkanda kwa kitambaa, akamnyonyesha, mtoto akakataa titi, wakamkimbiza hospitali, mume mbele na mtoto kifuani, yeye nyuma na kanga ikimvuka, na waliporudi nyumbani kulikuwa na watu tayari, viatu vya watu mlangoni, habari ilikuwa imewatangulia, na asubuhi iliyofuata alipokuwa amelala, maana walimpa kidonge akalala, shangazi yake, kwa nia njema kabisa, hakuna wa kumlaumu, shangazi ana moyo wa dhahabu, alikusanya kila kitu cha mtoto, beseni, chandarua kidogo, soksi, chupa, mpaka kitambaa kilichokuwa kimelowa maziwa ya kucheua begani mwa nguo yake yeye mwenyewe mama, akavigawa mbali huko wasikokujua, ili asiwe anavikuta kuta. Ndivyo inavyofanywa. Na aliamka akakuta chumba kimefagiwa.

“Ana meno mangapi sasa?” dada anauliza, au ameuliza tayari, anauliza ili kujaza kimya, ana adabu, na mama anasikia sauti yake mwenyewe ikisema “Juu na chini,” jibu gani hilo, juu na chini, lakini dada anaitikia kwa kichwa, ameridhika… wala mama hakuudanganya ulimwengu kwa kukusudia, jamani, akiulizwa mbele ya haki atasema hivyo, ilikuwa salamu tu, simu iliita matanga ndiyo yamekwisha, nyumba tupu, akapokea kwa kuwa mkono ulikuwa karibu, na sauti ya dada ikasema habari za nyumbani, nzuri, mtoto hajambo? hajambo. Hivyo ndivyo watu wanavyoitikia, hata mwenye mguu uliovunjika huanza na nzuri, unasema nzuri, unavuta pumzi, ndipo unasema ila, na alikuwa ameshavuta hiyo pumzi, neno “ila” lilikuwa mdomoni, simu ikakatika, salio la dada lilikuwa limeisha, na kesho yake pikipiki ikasimama nje, pakiti mlangoni, saizi ya pili. Akaifungua. Hakutaka kufanya lolote, alitaka kunusa tu, zikanukia vilevile, poda na karatasi, na katika nyumba nzima hicho kilikuwa kitu pekee cha mtoto, na hakikuwa kimepitia mikononi mwa shangazi. Sasa nepi ukiwa nayo mkononi unaifanya nini, umefundishwa jinsi ya kuijaribu, akachukua kikombe, akamimina maji, akatazama unga wa ndani unavyovimba, ukawa mzito, ukawa na uzito wa kitu kilichovaliwa na mtu, na dada alipopiga akamweleza, inashika vizuri ila ukingoni inachelewa kunyonya, na kila neno lilikuwa la kweli. Basi ikaja saizi ya tatu. Ikaja ya nne. Mtoto akawa anakua kwenye pakiti, anaongezeka kiuno, anaongezeka mapaja, ameanza kugeuka, ndiyo, ameanza kukaa, ndiyo, anatambaa, anatambaa huyo hashikiki, na kila alipokubali alihisi nafuu ya ajabu, kama mtu aliyepewa kiti, mtoto hakukwama pale alipokwama, anaendelea, watoto wa wenzake hawajamwacha.

Na mume… mke alidhani hajui, takataka anamwaga mwenyewe, anaziviringisha nepi kwenye gazeti, lakini jioni moja alikuwa karoni na jagi la maji, ametia na chumvi kidogo yafanane na mkojo, akageuka akamkuta mumewe amesimama mlangoni na futi ya kupimia shingoni, anaangalia nepi, anaangalia jagi, na mke akajisemea haya, leo ndiyo leo, ataniita mwendawazimu, atamwita shangazi, na mume akasogea, akakunja shati, akachovya kiwiko kwenye jagi kama alivyokuwa akifanya zamani juu ya beseni, akasema “Yamepoa,” akarudi kwenye cherehani. Wakala, wakalala, na tangu hapo mke akawa anayapasha maji moto.

“…maana wewe kule ofisini ni nyota,” dada anasema, na uso wake unang'aa, ameiweka habari hii ya mwisho kama anayeficha zawadi mgongoni, “majibu yako wanayasoma kwa sauti, yule mama anaangalia, wanasema, kina mama wengine nzuri, nzuri, basi, lakini wewe ndiye uliyesema inavuja mguu wa kushoto, unakumbuka? kwa sababu mtoto anapenda kulalia kushoto, wakacheka, kisha wakapima, wakakuta kweli, lastiki ya kushoto inalegea mapema, mashine imeshatengenezwa, tazama,” na anainama, anachomoa nepi moja begini, anaivuta vuta lastiki kwa vidole viwili, “hii yote ni kwa ajili ya mtoto wako, sasa watoto kila mahali watalala wakavu, na wamempa jina kabisa, wanamwita Bwana Kushoto, kila mkutano, Bwana Kushoto hajambo?” na anacheka, dada wa watu, anacheka kwa kumpenda mtoto huyo, na mama anatabasamu naye, furaha kidogo inampanda, hata fahari, watoto kila mahali, mapaja makavu… Bwana Kushoto. Anapenda kulalia kushoto. Nani anapenda kulalia kushoto? Ni yeye aliyekuwa akiilaza nepi yenye maji upande huo juu ya ubao wa karo kwa kuwa upande wa kulia kuna sabuni, hivyo tu, sabuni, na alipoulizwa akasema analalia kushoto, na ikawa, akamwongezea na tabia ya kukataa kubebwa na wageni, akamwongezea uchoyo wa mwanasesere, na sasa anamtafuta yule mwingine, yule wa kwanza, alilalaje? swali jepesi, alikuwa karibu naye usiku na mchana, alilalaje mwanao, na haji, anakuja Bwana Kushoto mnene mwenye meno juu na chini, anamsukuma kando, anakuja tena Bwana Kushoto, na woga unamshika mama, woga mkubwa kuliko ule wa dada kutaka kumwona mtoto, Mungu wangu, alilalaje, subiri, kitanda kilikuwa dirishani, asubuhi, mume anavaa viatu polepole asimwamshe, ananong'ona, anasema… anasema “Tutoke, Bosi kafunga ofisi.”

Chali. Alilala chali, mikono yote miwili juu kando ya kichwa, ngumi zimelegea, tumbo nje, kama bosi aliyeshiba, ndiyo maana baba yake alimpachika jina hilo, Bosi, na yeye akawa mama Bosi, mume alikuwa akimwita hivyo toka chumba hadi chumba, mama Bosi mkasi uko wapi, na tangu mazishi hajui amwiteje mkewe, anasema sikia, anasema eti, anakuja mpaka alipo ndipo aongee… chali, na kovu dogo la ukucha wake mwenyewe puani, na pumzi yenye kijimlio mwishoni, na hakutambaa, hakugeuka hata mara moja, alijaribu siku moja akakwama ubavuni akakasirika, na uzito wake haukuwa wa maji, ulikuwa na joto lililopita nguo mpaka kwenye mkono wa mbebaji, huyu, huyu hapa, na alimwacha, haya ndiyo aliyoyafanya, alimwacha Bosi mdogo vile alivyo, huko aliko, akaenda kulea mtoto wa kampuni, akampa huyo miezi yote ambayo ilikuwa ya kumlilia mwanawe, hakumlilia, amehesabu saizi badala ya kulia, na uchungu unampanda sasa mbichi kana kwamba hospitali ni leo, na pakiti mikononi inalia karatasi yake kwa jinsi alivyoibana. Na kiwiko kile kwenye jagi hakikuwa kwa ajili ya Bwana Kushoto. Mume hakuchovya kiwiko kwa ajili ya mtoto wa karatasi, alikuwa anamwogesha wake, jioni ile, sekunde zile chache, pale karoni, akiwa peke yake ingawa mkewe amesimama hapohapo, na mke hakumwona. Wamekuwa na mtoto mmoja mmoja, kila mtu na wake, ndani ya nyumba ndogo hivi.

Akisema, pakiti hazitakuja tena. Analijua hilo. Akisema, mlango utakaa kimya, simu itakaa kimya, hakutakuwa na saizi inayofuata, na mtoto atabaki na umri ule ule maisha yake yote, na dada huyu masikini atalia hapa kochini, atajuta meno, atajuta mlinzi wa usiku, na ofisi nzima itakosa pa kuweka uso. Na hata asiposema, hii ndiyo ya mwisho, baada ya wanaotembea hakuna saizi nyingine, hakuna mtoto anayezeeka na nepi, kampuni ingemuaga tu hata hivyo. “Mama?” anasema dada, taratibu, maana ameshaanza kuuona uso, “mama mtoto, nikuandikie bado? Si vibaya, watoto hawalingani,” na nyuma ya pazia cherehani haikimbii, mama hajui imesimama tangu lini, hakuna hata mlio wa mkasi, kuna mtu huko amekaa na kaptula ya mtoto wa watu mapajani anasikiliza atakachosema mkewe. Mama anaiweka pakiti juu ya meza. Kidole gumba cha dada bado kiko juu ya simu, ndiyo upande huu, bado upande ule, na wala hakuna mahali pa kubonyeza hili lililo mdomoni mwake, “Ila…” anaanza, kwa pumzi tu, na dada anasogea mbele kidogo apate kusikia.