Kumbukumbu za Katuku

Jumamosi moja ya mwaka 1988, saa tisa alasiri, Crispus alisuuza bomba la sindano kwa chai ya rangi iliyopoa, mara tatu, akampa Wanjala. Walikuwa chumbani kwa Wanjala, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Voi. Wanjala alijidunga unga, akafumba macho, kisha akauliza kama ng'ombe wa mama yake Crispus kule Chawia, yule wa pembe moja, alishazaa.

"Alizaa ndume," Crispus akajibu.

Wanjala alikuwa mtu wa Bungoma na hakuwahi kufika Chawia. Lakini damu iliyobaki ndani ya bomba ilihama na kumbukumbu zake, kama mpangaji na vyombo vyake, na wawili hao walishazoea. Crispus naye aliijua njia ya kwenda kwa shangazi yake Wanjala, mpaka boma lenye mbwa mkali.

Walikuwa na maelezo yao. Zamani, huko milimani, wanaume waliotaka undugu walichanjana vifuani, kila mmoja akala nyama iliyopakwa damu ya mwenzake. Kuanzia hapo damu ya huyu haikuweza kumdhuru yule. Babu yake Crispus alichanjiana hivyo na mfanyabiashara wa Kikamba. Crispus aliona sindano inafanya kazi ile ile, tena bila kuchinja mbuzi. Ugonjwa uliotangazwa redioni ulikuwa wa watu wasiojuana. Ujinga huo ulikuwa na hesabu zake nzuri, na hapo ndipo ulipowamaliza.

Mwezi wa saba wote wawili walianza kukumbuka wodi. Kitanda karibu na mlango, midomo imekauka, nesi anasukuma kikombe cha maji kwa mpini wa ufagio. Wakamtambua Katuku, Mkamba dereva wa lori aliyewaachia lile bomba. Hakuna aliyewaletea habari za kifo chake. Walikikumbuka tu, hadi pumzi ya mwisho.

"Kumbe naye tulichanjiana," Wanjala akasema.

"Na amekuja na kila kitu chake."

Walikwenda zahanati kuomba sindano mpya, kila mtu yake. Nesi Tryphena alisema sindano ni za wagonjwa. Wanjala akasema wao ni wagonjwa.

"Nyinyi ni wahuni," Tryphena akajibu, bila ukali wowote. Wakarudi kwenye bomba lile lile.

Crispus hakujihurumia. Aliyemtia hofu ni Wakio, mkewe, mwenye mimba ya pili. Alijipa moyo kwamba Wakio hajawahi kugusa sindano wala kuchanjiana na mtu. Alikuwa mwanamke wa kanisa na jembe. Hata hivyo kila asubuhi Crispus alimwuliza ameota nini. Mahindi, Wakio alisema. Mvua. Marehemu nyanya. Crispus alimshukuru Mungu kwa kila hindi.

Alhamisi moja Wakio alikuwa akichambua maharagwe mlangoni.

"Baba Mghoi," akasema, "Katuku ni nani?"

Crispus akakaa chini, vumbini.

"Aliwaomba maji mara mbili," Wakio akaendelea. "Kwa nini hawakumpa kwa mkono?" Akaweka kiganja tumboni. "Hata huyu anageuka kila nikimfikiria. Nadhani anamjua."

Crispus alikimbia hadi zahanati. Tryphena alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema Wakio ni mwanamke wa tano mwezi huo, na wawili kati yao walikuja wakiongea Kikamba ambacho hawajawahi kujifunza. Dawa hakuna. Sindano bado ni za wagonjwa. Akamwomba asogee, kuna foleni.

Crispus akasogea. Nje alishika ukuta akalia kwa sauti, na watu wa foleni wakampisha kistaarabu. Lakini arosto ya kukosa unga ilikuwa imeshaanza, kamasi zinamtoka, mifupa inauma kana kwamba inapasuliwa kama kuni. Saa kumi jioni alikuwa akibisha mlango wa Wanjala, akimchukia Wanjala, akijichukia mwenyewe, mkono wa shati umeshakunjwa.