Nyuma Hakai Mtu

1.

TANGAZO KWA WANAKIKUNDI WOTE WA CHINI CHINI MORO, WAPENZI WA MAGARI YALIYOSHUSHWA
Jumapili ijayo ni Siku ya Kuchuchumaa. Gari ambalo pakiti ya sigara iliyosimamishwa itapita chini ya bampa lake halitaingia uwanjani. Hakuna kujuana.

2.

Chini ya gari la Ludovick Kobelo pakiti ilipita. Hata kuku angepita, na vifaranga wake.

Gari lilinunuliwa na baba yake, kwa kiinua mgongo, na sharti lilikuwa moja: kila Jumanne ampeleke hospitali kwenye mazoezi ya mgongo. Mzee Kobelo aliendesha greda maisha yake yote ya kazi, akiwasawazishia watu barabara, na mtikisiko ule ukamla pingili moja baada ya nyingine. Husafiri kiti cha nyuma, miguu ameinyoosha. Daktari alisema bila kuzunguka: akiacha mazoezi, miguu itamwacha.

Haya, msomaji. Umeshajua yote. Ludo naye alijua yote.

3.

Njia za kushusha gari kwa mtu mwenye mfuko mwembamba, kama Ludo alivyozipanga kichwani:

— kukata springi zilizopo kwa msumeno. Gari litarukaruka kama mbuzi.

— shokapu za mtumba kutoka Japani. Nzuri, ila zifunguliwe, zijazwe mafuta upya, zisubiriwe.

— shokapu mpya zisizo na jina, za kuzungusha. Springi inakalia pete. Ukizungusha pete gari linapanda, ukizungusha tena linashuka.

— kungoja hadi—

4.

SAUTI YA MUUZAJI, KWENYE SIMU
"Bosi wangu, hizi ndizo za watu wenye akili. Jumapili unashusha, Jumanne unampandishia mzee. Spana tu. Ni ngumu kidogo, sikufichi, lakini zinavyoshika barabara, wewe mwenyewe uta—"

5.

Walipita kwa Fundi Semkiwa wakitoka hospitali. Mzee alikuwa nyuma, amefumba macho, vioo vimeshushwa kwa sababu ya joto.

"Za bei hii springi zake ni ngumu kama nondo," alisema Semkiwa. "Na pete ukizisahau kwenye vumbi zinang'ang'ania. Nikuulize kwanza. Nyuma anakaa nani?"

Swali la kitoto. Ludo aliona jibu lake linakoelekea: springi laini, na springi laini zingemwachia gari refu, na gari refu lingemwacha nje ya uwanja akiwashikia wenzake simu.

"Nyuma hakai mtu," alisema.

Semkiwa alitazama kiti cha nyuma, akamtazama Ludo, akaenda kuchukua jeki. Mteja akishaamua, fundi hana la kusema.

6.

Gari
   likashuka
      likashuka
         likachuchumaa.

Pakiti ilianguka. Watu wakapiga honi. Ludo alipiga picha nyingi sana siku ile, na kwenye zote anacheka.

7.

SAUTI YA MZEE, JUMANNE KWA JUMANNE

"Gari zuri, mwanangu."

"Tuta hili lilikuwepo?"

"Nipatie ule mto."

"Nipatie na ule mwingine."

"Leo sijisikii."

"Nimeshapoa mimi. Wewe nenda zako."

Unauliza kwa nini hakusema. Asemeje? Gari alilitoa yeye, na kwao Uluguru mtu akishatoa hasimangi. Angefungua mdomo kulisema gari, ingekuwa kumsimanga mwanawe. Ludo naye alisikia "nimepoa" akashukuru Mungu, maana lilikuwa neno jepesi kubeba. Pumbavu kabisa.

Na pete hakuzigusa. Jumanne hata moja.

8.

TANGAZO. KITENGO CHA MAZOEZI YA VIUNGO
Mgonjwa asiyehudhuria bila kutoa taarifa, nafasi yake atapewa mwingine.

9.

Asubuhi moja Ludo alimkuta baba yake anakwenda chooni kwa kushika ukuta. Mguu wa kushoto ulikuwa unaburuzwa.

Alikimbilia kwa Semkiwa. "Pandisha. Pandisha yote."

Mafuta. Nyundo. Matusi. Pete za upande mmoja zilikubali, za upande wa pili ziligoma, gari likasimama upande.

"Nirudishie shokapu za zamani."

"Ulisema nizitupe."

Ludo aliinama kutazama uvunguni.

"Nyuma anakaa nani?" Semkiwa aliuliza kutoka uvunguni.

"Baba."

"Kumbe yupo," alisema Semkiwa, akaendelea kugonga.

10.

Alilirudisha gari hivyo hivyo, limeinama. Akafungua mlango wa nyuma, akapanga mito yote ya nyumbani.

"Shikamoo, baba. Twende hospitali. Nitaendesha taratibu."

"Marahaba." Mzee alikuwa kibarazani. Aliitazama ile mito kwa muda.

"Nyuma hakai mtu, mwanangu," alisema. "Si ulimwambia fundi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayemkumbusha mtu kitu alichosahau dukani.

Ludo alibaki ameshika mlango. Alitaka kusema baba, ile siku mimi—

11.

Mzee ameshika ukuta, amesimama. Kushoto kwake kuna mlango wa kurudi ndani, mbele yake kuna gari. Mguu wa kwanza bado haujanyanyuka.