Marudio ya Alhamisi

Jumatatu asubuhi, sokoni Isiolo, Lul alikuwa akifukiza mitungi ya maziwa ya ngamia kwa moshi wa mgunga, mteja mmoja aliponusa kikombe na kudai kina maji. Kwa watu wa aina hiyo Lul alikuwa na jibu lake la miaka ishirini: ukitaka maji, mto ni ule pale. Alifungua mdomo. Jibu halikuwepo.

"Lilisemwa jana kwa TV," alieleza Akidor, muuza makaa wa kibanda cha pili, huku akijaza mkebe wake. "Umebaki na mangapi?"

"Ya kufika Ramadhani."

Mwana wa Lul, Galgalo, aliandika vichekesho vya runinga. Kila Jumapili jioni mlinzi mjinga kutoka kaskazini, aliyeigizwa na kijana asiyewahi kuvuka Nanyuki, alitamka maneno ya Lul kwa lafudhi ya kubuni, na watazamaji wa Nairobi wakacheka. Maneno yakishachekewa hayakurudi kinywani mwa mwenyewe.

"Ile ya mto uliwapa?" Lul alimuuliza jioni.

"Niliwapa, mama."

"Si ungeniambia niitumie mara ya mwisho?"

Galgalo aliomba radhi. Alikuwa na adabu, na aliamini kwamba nchi ikicheka vya kutosha itawapenda watu wa kaskazini.

Kufikia Ramadhani, Lul aliuza maziwa kwa ishara. Aliyetaka kubishana naye alisubiri Alhamisi saa tatu asubuhi, kipindi kiliporudiwa. Lul aliwasha televisheni ya kibandani, akangoja zamu ya mlinzi, kisha akamwelekezea mteja kidole. Wateja walizoea. Malalamiko yote yakahamia Alhamisi.

Ilibaki sentensi moja: "Enda salama, urudi na njaa." Alimwambia Galgalo kila alipotoka nyumbani, tangu darasa la kwanza.

Ndipo Linda, mtayarishaji wa kipindi, akapiga simu. "Mlinzi anamuaga mtoto wake. Nataka watu wacheke na walie. Ukinipatia hiyo, safari hii jina lako litaonekana mwishoni."

Kwa miaka miwili halikuwa limeonekana. Galgalo aliandika maneno ya kuaga mara kumi na moja. Linda akayakataa yote. Kabla ya kutuma ya kumi na mbili, sentensi ya mama yake, Galgalo alimwambia mwenyewe. Lul alishika fremu ya mlango, akaitamka sentensi ile mara tatu, polepole. Halafu akaenda kuosha mitungi.

Jumapili watu walicheka na wakalia. Majina yalipoanza kupita, tangazo la unga liliyafunika. Linda alisikitika sana. Aliuliza kama kwao kuna mwingine anayejua kuongea.

Kulikuwa na shangazi Ado, huko Merti.

Jumanne Galgalo alisimama mlangoni na begi na daftari jipya. Lul alifungua mdomo, akaufunga, akaonyesha Alhamisi kwenye kalenda ukutani. Pikapu ya Merti ikaondoka bila yeye.

Alhamisi saa tatu waliketi kibandani. Mlinzi alijitokeza na kofia iliyochanika, akayasema maneno yale kwa lafudhi yake. Watazamaji wakaangua kicheko. Lul alimgusa mwanawe begani.

"Amin," Galgalo akamjibu mlinzi, akachukua daftari, akapanda pikapu.