Samahani ya Marit

Tangu ahamie Maine kutoka Minnesota, Marit alicheza mpira wa magongo kila Jumapili ya majira ya baridi kwenye bwawa lililoganda barafu, na wanaume aliocheza nao hawakumpa pasi hata moja. Walimwita Mama Samahani, kwani kila alipogongwa, yeye ndiye aliyeomba radhi, kama ilivyo desturi kwao Minnesota.

Jumapili moja mmoja wao, Thibodeau, fundi wa mashua, alimpiga kikumbo Marit akaanguka kifudifudi. Jino likang'oka.

"Omba radhi basi, mama," Thibodeau akamcheka. "Umetuchafulia barafu kwa damu."

"Rudi kwenu ukafume soksi," mwingine akadakia.

Marit aliinuka. Alijua kwamba akiondoka sasa, hatarudi tena bwawani. Thibodeau alipopata mpira, Marit alimkimbilia, akamvaa kwa bega kifuani, akamrusha hadi kwenye lundo la theluji. Gongo la Thibodeau likavunjika na kumgonga pua, ikabubujika damu.

Marit akamwinamia, mdomo wake pia umejaa damu.

"Samahani, kaka," alisema, na alimaanisha.

Thibodeau alimtazama, kisha akaangua kicheko huku ameshika pua. Akanyoosha mkono, Marit akamwinua.

"Jamani, huyu ni wetu," akawaambia wenzake. "Mpeni pasi."